Mwaka Ule Mheshimiwa Aligeuza Kura

Mama tulimzika mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imeganda pembeni mwa njia za makaburini, kisha tukarudi Tumba, kitongoji chetu hapa Sweden, kula katika ukumbi ule ule wa kanisa ambao kwa miaka mingi nilikuwa nimekataa kuukanyaga. Palikuwa na wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga, na lile birika kubwa la kahawa ambalo hapa huwekwa katika kila shughuli, iwe ya furaha au ya msiba. Nilikuwa bado nimeshika sahani wakati Divine, binti wa jirani yetu wa zamani, alipokuja na simu yake mkononi. Divine amezaliwa hapa. Mama yake akimsemesha Kiswahili yeye hujibu Kiswidi, lakini siku hiyo, kwa heshima ya marehemu, alijitahidi. "Tante Riziki," akasema, "huyu si yule mheshimiwa aliyekuwa anakuja kula kwenu?" Nikatazama. Alikuwa yeye, nywele nyeupe sasa, amesimama jukwaani mahali fulani mjini, nyuma yake bendera ya rangi za upinde wa mvua. Walikuwa wanampa shukrani kwa ajili ya sheria ya ndoa za jinsia moja. Na kwa sauti yake ileile laini akasema kwamba haikuwa rahisi, lakini yeye alijua tangu mwanzo upande wa haki ulikuwa upi. Tangu mwanzo! Divine alikuwa anatabasamu, alidhani ameniletea cha kunifariji. Nilimrudishia simu, nikaenda chooni, nikafungulia maji yamwagike kwa nguvu, nikatukana kwa lugha zote nne ninazozijua.

Nitamwita Lennart. Si jina lake, na chama chake sitakitaja, maana waliofanya kama yeye hawakuwa wa chama kimoja. Habari za ukoo wetu na za njia iliyotutoa Uvira, kule Kongo, mpaka hapa nitaziacha pia. Wengi wamepita njia hiyo na wameisimulia vizuri kuliko mimi. Nataka kuandika mwaka mmoja tu, mwaka ambao bunge la Sweden lilibadili sheria ya ndoa, kwa sababu nimeona kwamba tusipouandika sisi atauandika yeye.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nasomea uuguzi, naishi na Mama na kaka yangu Amani katika nyumba ya ghorofa karibu na stesheni ya Tumba. Sebule yetu ilikuwa na makochi yaliyopangwa ukutani pande tatu, kama ya watu wanaotegemea wageni muda wote, na kweli tulikuwa tunawategemea. Jikoni dirisha lilitazama reli, na Mama alikuwa amezoea kunyamaza katikati ya sentensi treni ikipita, kisha anaendelea palepale alipoachia. Amani alikuwa dereva wa basi. Jumapili alikuwa mpiga gitaa wa kwaya, na kusema kweli kwaya ile ilikuwa yake: yeye ndiye aliyewakusanya Wakongo wa Tumba, Warundi wa Skärholmen na Wakenya wawili waliokuwa wakiimba Kiswahili chao sanifu huku sisi tukiimba chetu, akawafanya wasikike kama watu wa nyumba moja. Jonas aliingia maishani mwetu kwa mlango huo. Alikuwa fundi wa sauti kutoka Spånga, upande wa pili wa mji, alikuja kurekodi nyimbo zetu, akakaribishwa kula, akala mpaka akafuta sahani kwa kidole. "Huyu Muzungu anakula kama mutu," Mama akasema, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Baada ya hapo Jonas akawa anakuja hata kama hakuna cha kurekodi. Mimi nilijua. Hakuna aliyeniambia, nilimwona tu Amani siku moja akimenya chungwa, akitoa nyuzi nyeupe moja moja, halafu akampa Jonas lote bila kujiachia hata kipande. Nikajua, nikanyamaza, maana halikuwa jambo langu la kusema.

Lennart alikuja wakati wa majani kuanguka. Alikuwa mbunge, na Pasta alimtangaza wiki kadhaa kabla, kama mtu anayetangaza mvua baada ya kiangazi. Siku hiyo nilikuwa jikoni mwa ukumbi pamoja na akina mama, tunapakua, na kile kidirisha cha kupitishia sahani kilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno mara mbili: kwanza kwa Kiswidi chake, kisha kwa Kiswahili cha Pasta. Alisema kuna sheria inakuja bungeni ya kufungisha ndoa wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake. Alisema nchi yake imesahau mambo ambayo sisi bado tunayakumbuka. Alisema siku ya kura atasimama, na jibu lake litakuwa hapana. "Mna neno langu," akasema, na Pasta akaligeuza hivi: "Amewaapia." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kupitia kidirisha nilimwona Mama akipangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Nilimwona Amani pia, amekaa na gitaa magotini, vidole vyote vitano vimelala juu ya nyuzi kama anazizuia zisilie.

Mama akamwalika nyumbani, na yeye akakubali. Lazima mnielewe hapo, nyinyi ambao mnakutana na wakubwa wa nchi hii kila siku. Tangu tufike, kila Mswidi mwenye cheo ambaye Mama alikutana naye alikuwa upande wa pili wa meza ya ofisi. Huyu alikuja kwa miguu yake, akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kochi letu. Mama alipika siku mbili: kuku, sombe, maharagwe, bugali mweupe wa kung'aa. Amani ndiye aliyeleta beseni na jagi, akamnawisha mikono mgeni, akimmiminia maji polepole huku ameinama kidogo, jinsi tulivyofundishwa. Lennart akafurahi sana, akasema hajawahi kuheshimiwa hivyo katika nyumba ya mtu. Akala kwa mkono. Na kwa kuwa Kiswidi cha Amani kilikuwa kizuri kuliko chetu sote, yeye ndiye aliyekaa katikati akitafsiri. Basi Mama akamuuliza mgeni swali alilokuwa amelibeba tangu ukumbini: mzazi afanye nini, katika nchi kama hii, mtoto akichukuliwa na mambo hayo? Lennart akaweka tonge chini. Alifikiri, au alijifanya anafikiri. Akasema angekuwa yeye asingekaa kimya. Angepigana kwa kila njia mpaka mtoto arudi, kwa sababu mzazi anayenyamaza amemtupa mtoto wake. Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa ametazama meza. Kisha akainua uso, akamgeukia Mama, akalitafsiri lile jibu lote kwa Kiswahili, neno kwa neno, bila kupunguza kitu. Mama akaitikia kwa kichwa na kusema, "Aksanti, Mheshimiwa. Aksanti sana."

Nimefikiri mara nyingi juu ya uaminifu ule wa Amani. Angeweza kusema chochote. Mama asingejua, Lennart asingejua. Mimi ningetafsiri uongo bila kupepesa. Nilipomuuliza, miaka baadaye, alisema hakutaka kumfanya mama yetu mjinga mbele ya mgeni. Jumapili iliyofuata ule ugeni, tulipomaliza kula, Amani alimwambia, "Mama, yule mtoto mliyekuwa mnamsema na Mheshimiwa ni mimi." Treni ikapita. Mama alinyamaza kama kawaida yake, na treni ilipokwisha hakuendelea.

Walikuja Jumamosi mchana, Pasta na wazee wa kanisa, wamevaa suti. Mama alikuwa amewaita. Walisema ni maombi tu. Wakanifungia nje ya sebule, na kwa muda nikasikia kweli maombi, kisha kochi likiburutwa, kisha sauti ya Amani ikisema, "Niachieni mkono. Wazee, tafadhali, niachieni mkono." Walikuwa wamemlaza kifudifudi juu ya zulia, mmoja amemkalia miguu, mmoja amemkunja mkono nyuma, wanamkemea pepo kwa Kiswahili na Kifaransa. Nilisukuma mlango kwa bega mpaka kitasa kikaachia. Nikapiga kelele kwa Kiswidi, kwa makusudi, kwamba napigia polisi, na neno hilo moja likafanya kazi kuliko jina la Yesu lilivyokuwa limefanya saa hiyo. Wakainuka, wakajikung'uta suti zao. Bega la Amani lilikuwa limetoka mahali pake. Nililiona jinsi linavyoning'inia. Mama alikuwa amesimama pembeni ya televisheni, ameshika mikono kichwani, akirudia kitu kimoja: "Muzazi hanyamazi. Muzazi hanyamazi." Nilijua ametoa wapi maneno hayo. Nilimpeleka kaka yangu hospitali, na kutoka hospitali Jonas akamchukua Spånga. Hakurudi Tumba kuchukua hata nguo, nilimpelekea mimi. Gitaa hakulishika kipupwe kizima, na kwaya, bila yeye, ikawa ni watu wanaopokezana kupiga kelele.

Watu huniuliza kwa nini sikumchukia Mama. Nilimchukia. Miezi ile tulikula meza moja bila kutazamana, nikisikia vijiko tu. Lakini nilikuwa naishi naye, nikamwona anavyokonda, nikamsikia asubuhi akimlilia Mungu bafuni amrudishie mwanawe mzima. Hakulichukua jambo lile kama mchezo. Aliamini yuko vitani, na kwamba katika vita hivyo ana mwenzake mkubwa bungeni. Akimtaja hakusema Lennart, alisema "mutu wetu".

Kura ilipigwa wakati theluji inayeyuka. Nilikuwa nyumbani, tunakula mchana, televisheni imewashwa. Ikatangazwa kwamba sheria imepita kwa kura nyingi sana, na wachache tu ndio waliokataa. Mama akasema, "Mutu wetu ni katika hao wachache." Kisha wakamwonyesha. Alikuwa amesimama nje ya ukumbi wa bunge na maikrofoni mbele yake, uso umeng'aa. Chama chake kilikuwa kimebadili msimamo majira yale ya baridi, na yeye pamoja nacho. Alisema amefikiri sana. Alisema jamii inasonga mbele na kiongozi lazima awe na ujasiri wa kusonga nayo. Alikuwa amepiga kura ya ndiyo na anajivunia.

"Anasema nini?" Mama akauliza.

"Amesema ndiyo, Mama. Ameikubali sheria."

"Tafsiri muzuri, Riziki."

"Nimetafsiri vizuri."

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepiga ile kura. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akaondoa sahani yake, ikiwa bado na chakula, akaiosha, akaifuta, akairudisha kabatini, akaenda kulala na jua liko juu.

Msinielewe vibaya. Siku hiyo nilifurahi. Nilimpigia Amani tukalia pamoja kwenye simu; sheria ilikuwa ya haki, na ingekuwa ya haki hata kama wangeipitisha wezi watupu. Mtu kubadili mawazo si dhambi. Ningempenda Lennart kama siku moja tu angerudi katika ule ukumbi, akasimama palepale alipotuapia, akasema: nilikosea, niliyowaambia si kweli, rudini nyumbani mkawakumbatie watoto wenu. Watu wangemzomea, pengine wangemtoa nje. Lakini angekuwa amekuja. Hakuja. Alituwasha kama jiko, akaondoka kwenda kupika kwingine, na sisi tukabaki tunaungua na nyumba yetu. Na Pasta wetu, aliyetafsiri kiapo, Jumapili iliyofuata alihubiri juu ya uvumilivu, hakumtaja mheshimiwa kwa jina wala kwa ishara.

Muda mfupi baadaye kampeni za Bunge la Ulaya zikaanza, na vyama vikaweka vibanda vyao viwanjani. Mama alisikia kwamba Lennart atakuwa Skärholmen Jumamosi. Akavaa kitenge chake kizuri chini ya koti, akaniambia, "Twende. Wewe utasema nitakavyosema." Uwanja ulikuwa umejaa, watu wanatoka madukani na mifuko, wauza matunda wanapiga kelele, na yeye kasimama mbele ya kibanda akigawa maua ya tulipu. Alimpa Mama moja kabla hajamtazama usoni.

"Mwambie mimi ni Mama Amani wa Tumba. Alikula kwangu."

Nikasema. Akatabasamu tabasamu la mtu asiyekumbuka. "Naam, naam! Chakula kizuri sana. Mnaendeleaje?"

"Mwambie alituapia."

Tabasamu halikuondoka, lilipungua tu. Akasema wakati ule alisema kwa hali ya wakati ule. Akasema kila mtu ana safari yake, hata mwanasiasa, na yeye amejifunza mengi kwa kuwasikiliza watu.

"Muulize ni nani alimsikiliza. Mimi hakunisikiliza." Mama alimnyooshea lile ua kama kidole. "Mwambie nilimuuliza juu ya mutoto, akaniambia nipigane. Nimepigana. Wamemvunja bega mutoto wangu ndani ya nyumba yangu, mimi nikiona. Sasa yeye amehama. Mimi niende wapi?"

Nililitafsiri lote, na sauti yangu ilikuwa inapanda, watu wakaanza kugeuka. Lennart akanisogelea, akasema kwa upole, kama daktari, kwamba anasikitika sana kusikia hayo, kwamba ukatili wa namna hiyo katika baadhi ya jamii za wahamiaji ni jambo ambalo chama chake kinalichukulia kwa uzito. Baadhi ya jamii. Nikamwambia, na hapo sikuwa natafsiri tena: "Huyo mwenye bega ndiye aliyekunawisha mikono. Ndiye aliyekaa kati yenu akitafsiri ushauri wako kwa mama yake." Niliona anatafuta, kweli anatafuta, na hakupata kitu. "Kwa bahati mbaya simkumbuki," akasema. "Lakini si sasa sheria iko? Atanufaika nayo." Kisha macho yake yakapita juu ya bega langu kwenda kwa mtu aliyefuata. Mama hakuniuliza amesema nini. Aliliweka ua juu ya meza ya kibanda, taratibu, akanishika mkono tukaondoka.

Amani na Jonas walioana majira ya joto yaleyale. Nilikuwa shahidi. Mama hakuja. Nilipika sambusa, mama yake Jonas akaleta keki ya stroberi, na rafiki yao mmoja alipoinua glasi akataka tuwashukuru wabunge wetu kwa ujasiri wao, Amani, ambaye nimemwona akikasirika mara chache sana maishani, alisema, "Katika nyumba hii hapana." Tukala. Watu walidhani ni utani.

Kuanzia hapo Mama aliacha kwenda kanisani. Hakugombana na mtu. Jumapili ikifika alibaki jikoni na redio. Alinisimamisha siku moja nikiwa navaa koti. "Yule mwanaume alilala anasema hapana, akaamka anasema ndiyo, na hata hajakonda. Mimi najaribu kila siku. Siwezi." Nilimwambia hakuna aliyemwomba aweze kila kitu kwa siku moja. Akaongeza sauti ya redio.

Siku moja kabla ya Krismasi, saa za mchana, alifungasha kuku mzima aliyempika katika taulo na kusema anataka kwenda Spånga. Tulipanda treni, tukabadilisha katikati ya mji, na njia nzima alimpakata yule kuku. Mlangoni alifungua Jonas, akashtuka, akamwita Amani. Kaka yangu akaja, akasimama kizingitini, mkono wake wa kulia umeshika mlango na ule wa bega bovu umening'inia. Hawakuwa wameonana zaidi ya mwaka. Hakusogea kumpisha.

"Umekuja kwa sababu mheshimiwa wako amebadilika?" akauliza. "Au umebadilika wewe?"

Mama alikuwa anahema kwa sababu ya ngazi. "Yeye amebadilika," akasema. "Mimi bado. Nimekuja hivyo hivyo."

Jonas, nyuma, akauliza kwa Kiswidi amesema nini. Amani akaanza kumtafsiria, akafika katikati, akashindwa, akaanza tena. Alipomaliza akausogeza mlango. "Ingia basi, Mama. Viatu acha hapo."

Sitasema walikumbatiana, maana hawakukumbatiana. Kuku hajakatwa walikuwa tayari wanagombana: juu ya ndoa, juu ya bega, juu ya nani alifungua mlango kwa wale wazee. Amani alipiga meza. Mama naye akapiga. Jirani wa chini akagonga bomba. Mimi na Jonas tulikaa na sahani zetu, tukila kidogo kidogo, tukisikiliza wale wawili wakitupiana ukweli usoni kwa sauti kubwa, mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyeondoka mezani.